Mkono Usioachia

Neno la Kiingereza "ability" tunalifasiri kuwa uwezo, tukaishia hapo. Nimelifuata hadi kwenye mizizi yake: Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa kutoka Kilatini, na huko lilianzia kwenye kushika. Kilichosifiwa mwanzo ni kitu kinachokaa vyema mkononi. Panga, kwa mfano.

Nilipoyasoma hayo niliikumbuka alasiri moja Kisauni. Mama yangu husomesha chuo cha Kurani barazani kwetu, na kabla ya alifu hufundisha jambo moja: ukiitwa, itika. Watoto walikuwa wameshaondoka, yeye akikunja mikeka, vijana watatu wakaingia na mapanga, nyuso wamezifunga vitambaa. Walitaka simu. Mama alichelewa kuitoa. Mmoja akamkata mkono wa kushoto, vidole viwili vikaning'inia, damu ikaruka ukutani. Akainua panga tena.

Mama hakulia. Alimwita kwa sauti yake ya chuo: "Wewe!"

"Naam, mwalimu," kitambaa kikaitika.

Panga likaganda hewani. Wenzake walitimka, yeye alibaki amesimama kama mtoto anayengoja kuulizwa sura yake. Majirani wakamwahi. Jiwe la kwanza lilimvunja taya. Mtu akaja akisukuma tairi kuukuu, mwingine akafyonza petroli kwenye bodaboda. Hapo mama akamwangukia kijana yule, mkono wa kulia ukamshika ukosi.

"Bi mkubwa, mwachie! Si ndiye aliyekukata?"

"Mkono ni wangu au wako?"

"Leo wamfunika, kesho yuaja kutuchinja sote!"

"Basi tuchomeni pamoja. Petroli yatosha wawili, au mwafanya ubahili?"

Mmoja alicheka. Wengine waliendelea kupiga. Rungu lililomlenga kijana lilimshukia mama kwenye kifundo cha mkono uleule, nikausikia mfupa ukivunjika. Nilikuwa nikimvuta kiunoni, nikipiga kelele amwache mbwa yule aungue. Hakuachia. Petroli iliwalowesha wote wawili, na hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti juu ya mwalimu wa watoto wake.

Polisi walipofika na gari lao, iliwabidi wamfumbue mama vidole kimoja kimoja.

"Wewe, panda!" askari akamfokea kijana. Akasimama tu, damu ikimtoka kinywani. Askari akamzaba kofi.

"Wewe," mama akasema polepole, "panda."

Taya lile lililovunjika likafunguka. "Naam," akaitika, akapanda.