Rangi Mbili na Fimbo za Ethi

Nyuma ya nyumba ya fundi cherehani ulisimama mlingoti wa antena mrefu kuliko mapaa yote ya mtaa, na mtaa ukamwita mwenyewe Mama Antena. Hakununa. Mchana kutwa alikuwa kwenye cherehani akisikiliza habari za viuno vilivyonenepa. Jioni alihamia meza ya pili, akawasha redio yake, akashika maiki na kupiga soga na watu wa mbali ambao hajapata kuwaona kwa macho. Shoga yake mkubwa huko hewani alikuwa nesi mstaafu wa ng'ambo. Walishasimuliana maradhi, wajukuu na waume. Hasa waume.

Wa kwake alikuwa fundi rangi, na wateja walimwita Rangi Mbili, kwa kuwa hajapata kupaka kitu mara moja akaridhika.

Ugomvi uliletwa na radi. Msimu uliopita wa mvua ilipiga mlingoti, redio ikatoa moshi, soketi ya sebuleni ikang'oka ukutani, friji ikafa palepale. Mama Antena alibaki mdomo wazi. Kinga aliiweka mwenyewe, jamani! Waya mnene wa shaba ulishuka kutoka mlingotini bila kona mpaka kwenye fimbo za ethi, zile za chuma zinazopigwa ardhini ili radi ishukie huko ikafie mbali. Goti lilikuwa limemvimba siku hiyo, kwa hiyo kuzipiga fimbo, kuzifunga waya na kufukia alimwachia mumewe. Mengine yote yalikuwa mkono wake. Sasa radi imepitaje?

Mumewe hakuwa na swali.

"Mama watoto, nimevumilia vya kutosha. Radi ikipiga tena ikaunguza hata balbu, mlingoti unashuka. Sitaki ubishi."

"Ukishuka nitaongea na nani?"

"Na mimi."

"Wewe? Wewe unajua kukohoa tu!"

Alicheka, lakini roho ilimuuma. Aliifufua redio kwa vipuri vya kuokoteza, na kila alipoiwasha alijiona kama anayeaga watu.

Mawingu ya msimu mpya yalipoanza kujikusanya, alichukua jembe akaenda kufukua fimbo. Goti lilimlaani, naye akalilaani. Udongo ulipoondoka, macho yakamtoka. Fimbo ilikuwa ya kijani! Kijani kilekile cha geti lao, kuanzia kichwani, chini ya kibano cha waya, mpaka ilikozama. Na kazi safi, haina hata mchirizi. Duniani kuna mtu mmoja tu wa kupaka rangi chuma kinachokwenda kuzikwa.

"Baba watoto! Hebu njoo hapa!"

Akaja, akatazama, akatabasamu. "Imekaa vizuri, eh? Chuma kitupu kingeshika kutu, mke wangu. Nikaona nikusaidie. Nilipaka mara mbili."

"Najua ni mara mbili! Bwana wee, rangi haipitishi umeme! Radi imefika kwenye fimbo ikakuta mlango umefungwa, ikatafuta mwingine. Na huo mwingine ni sebule yetu."

Tabasamu likamtoka polepole. "Kwa hiyo friji..."

"Umeiua wewe. Shika msasa."

Basi wakazing'oa fimbo zote, na fundi rangi akakaa juu ya ndoo kuikwangua rangi yake mwenyewe, analalamika utafikiri ananyolewa bila maji. Walizipiga upya fimbo zikiwa tupu, zinang'aa. Mama Antena akaziunganisha na ethi ya umeme wa nyumba kwa waya mmoja mnene, zote ziwe kitu kimoja, radi isipate pa kuruka kutoka hii kwenda ile.

Mvua ilikuja mchana. Mama Antena alichomoa redio kwenye soketi, akachomoa na waya wa antena, akautoa nje ya dirisha na kuufunga kwenye bamba la shaba lililoungwa na ethi.

"Balbu, kumbuka," mumewe akasema.

"Nakumbuka."

Ikapiga. Loo! Nyumba ilitikisika, sufuria zikagongana, mwanga mweupe ukajaa mpaka chini ya vitanda. Kisha kimya. Rangi Mbili akainuka, akabonyeza swichi ya sebuleni: balbu ikawaka. Ya jikoni ikawaka. Akanusa kila soketi. Akafungua friji mpya, akatia kichwa ndani.

"Inanguruma," akatangaza.

Mawingu yalipokwisha kabisa, Mama Antena akarudisha nyaya na kumwita shoga yake. Sauti ikaja safi.

"Mlingoti vipi?"

"Umesimama!" akapiga kelele, machozi yanamtoka naye anacheka. "Umepigwa na umesimama, shoga yangu! Hata balbu haikuguswa!"

Mumewe akamgusa bega. "Mwambie fimbo nilikwangua mimi."

"Mwambie mwenyewe."

Akapokea maiki kwa mikono miwili. Akakohoa.

"Huyo ndiye mumeo," Nesi akasema. "Nimeshamtambua."

Kesho yake Mama Antena alimkuta mumewe amechuchumaa na brashi kwenye ukuta wa nyuma, juu kidogo ya zile fimbo. Ameandika kwa kijani cha geti, herufi kubwa: HAPA HAPAPAKWI RANGI. Alikuwa anarudia mara ya pili.