Majivu Katika Shamba la Mama Mkwe

Nilipoolewa Butiama, nilikuwa sijawahi kushika jembe. Nimezaliwa Iringo, Musoma mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba. Mama mkwe alilijua hilo, wala hakunicheka.

Msimu wangu wa kwanza, viwavi waliingia kwenye mahindi. Majani yakatoboka kama chekeche. Nikataka kumwonyesha kwamba nami nina akili, nikaenda mjini na kurudi na chupa ya dawa. Siku aliyokwenda msibani, niliazima bomba kwa jirani nikapuliza shamba zima. Dawa niliizidisha makusudi, ifanye kazi haraka.

Aliporudi jioni, kuku wake saba walikuwa wamelala chini ya ghala, midomo wazi. Walikuwa wamekula wale viwavi.

Nikapiga magoti. "Mama, ni mimi. Nilipuliza dawa."

Akawatazama mmoja mmoja. "Hawaliwi hawa. Tuchimbe shimo."

Tukachimba sisi wawili, tukawafukia. Heri angenigombeza.

Baada ya siku chache viwavi wengine wakatokea. Asubuhi akanikabidhi bakuli la majivu yaliyochekechwa. "Na mama yangu tulikuwaga tunafanya hivi. Weka kidogo pale katikati, jani jipya linapochomoza. Ukimwona mdudu, mponde kwa vidole."

"Kwa vidole, Mama?"

"Si utanawa, mwanangu?" Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya kuku.

Tulipita mstari kwa mstari, wiki nzima. Mimea iliyoliwa sana tuliinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini, aliyoyatwanga na kuyaloweka tangu jana yake. Ndipo nilipomfahamu. Alinisimulia alivyoolewa, watoto aliowazika, na jinsi alivyonionea huruma siku nilipoingia kwake na viatu vya visigino. Mavuno yalipungua mwaka ule, lakini tulivuna.

Sasa naishi Nyasura, Bunda, na mchicha wangu nyuma ya nyumba naulinda kwa mwarobaini. Mama mkwe ni marehemu. Shamba lenyewe silikumbuki sana. Ninayoikumbuka ni sauti yake kutoka mstari wa pili, mahindi yakiwa yametuzidi kimo, akiuliza, "Umefika wapi?"

"Nipo hapa, Mama."