Mipira Mitatu

Siku ya pili baada ya kutolewa mawe ya nyongo, katika hospitali moja ya Karatu, daktari alinisikiliza mgongoni akakunja uso. Sehemu ya chini ya pafu la kulia hewa haikuwa inafika. Hali ikibaki hivyo hadi kesho yake, na homa ikipanda, ningepelekwa hospitali kubwa ya Arusha.

Muuguzi akaniletea kifaa cha plastiki chenye vyumba vitatu, kila kimoja na mpira mdogo ndani, na mrija wa kuvutia. Nivute pumzi taratibu mpaka mipira ipande, mara kumi kila saa. Niliandika matokeo kwenye daftari. Saa nne, mpira mmoja. Saa tano, mmoja. Saa sita, mmoja, tena uliishia njiani.

"Hata mjukuu wangu angeunyanyua huo," alisema mama wa kitanda cha jirani, mchuma kahawa wa Oldeani aliyevunjika mguu.

"Njoo uvute wewe, mama."

"Nikivuta mimi utaona aibu."

Shangazi yangu, aliyetoka Buger kuja kuniuguza, hakucheka. Alfajiri alikuwa amenifunga kanga mbili kuanzia chini ya matiti, akazikaza kwa nguvu zote, kama alivyowafunga wanawake wote waliojifungua katika ukoo wetu. Tumbo lililokatwa lisipofungwa, alisema, linalegea.

Alasiri muuguzi alikuja kubadilisha bendeji, akaziona.

"Nani kamfunga hivi? Mapafu yatapanukia wapi?"

"Nilianza kufunga wanawake wewe hujazaliwa," shangazi akajibu, macho dirishani.

"Sikatai, mama. Lakini huyu hapumui."

Kwetu hakuna anayembishia shangazi. "Shangazi, nifungue," nikasema. " Likilegea, lilegee."

Alifungua mafundo polepole bila kunitazama. Muuguzi akamwonyesha namna ya kukunja kanga moja na kuikandamiza juu ya mshono. Shangazi akaishika kwa viganja viwili.

"Haya, vuta."

Nilivuta. Mshono uliwaka kama kaa. Mpira wa kwanza ukapanda, wa pili ukaufuata.

"Tena."

Nikavuta tena, machozi yakinitoka. Tangu hapo shangazi ndiye aliyenikumbusha kila saa. Nikisinzia, alinigonga bega. Kufikia jioni mpira wa tatu ulikuwa umeanza kutikisika.

Asubuhi daktari alinisikiliza muda mrefu. Hewa inafika, akasema, Arusha haendi mtu. Labda kesho nirudi nyumbani.

"Kesho gani?" shangazi akamkatiza. "Wa tatu bado haujapanda."