Safari ya Ifakara Kununua Kipanya cha Anjela

Rozi, binti yangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kidatu, alinipigia simu akasema, "Baba, usihangaike na mtoto kwenye matope. Mpime mkono kwa uzi, uende Ifakara peke yako ukanunue kipanya cha kompyuta." Nilipaswa kukataa. Mjukuu wangu Anjela, mwenye miaka sita, alikuwa ameshavaa viatu ili twende wote. Hata hivyo nilimkubalia Rozi. Nikampima kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kisha mimi mwenyewe nikaongeza upana wa vidole viwili, kama tufanyavyo tukimnunulia mtoto viatu, ili akue navyo.

Shule moja hapa Malinyi ilikuwa inachukua watoto wachache wa darasa la kwanza, na usaili wake ulikuwa na zoezi la kompyuta: kubonyeza picha na kuiburuta hadi mahali pake. Rozi alikuwa ametuma kompyuta ya zamani isiyo na kipanya. Alisema wazi kwamba Anjela akipata nafasi atabaki nami; akikosa, atamchukua wakaishi Kidatu. Tangu mke wangu afariki, nyumbani tulikuwa wawili tu.

Nilimwomba jirani abaki na Anjela nyumbani, na alfajiri basi likaondoka Malinyi. Kabla ya Lupiro tulikwama, wanaume tukashuka kusukuma. Kundi la ng'ombe wa Wasukuma likatupita taratibu, na mchungaji akauliza, "Wazee, tuwafungie ng'ombe wavute?" Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa shati, nisije nikapoteza uzi.

Saa saba mchana tulivuka daraja la Kilombero tukaingia Ifakara. Bajaji ilinishusha kwenye duka la vifaa vya kompyuta, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Muuzaji alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nataka kipanya cha mtoto."

"Mausi zipo. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Nikatoa uzi. Alitabasamu, akaweka vipanya viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa kama yai la bata, chepesi, vitufe vyake laini. Cha pili kilijaa kiganja changu.

"Chukua hii ndogo, babu. Kiganja kinalala juu yake, kidole kinafika kwenye kitufe bila kujinyoosha."

"Mwakani haitamtosha."

"Mwakani utarudi. Kiatu kikubwa unakisokomezea kitambaa mbele. Mausi utaisokomezea nini?"

Sikupenda kufundishwa. Nililaza uzi juu ya kile kikubwa, ukalingana, nikakilipia. Nilikuwa namwona Anjela wa darasa la tano, bado anakitumia sebuleni kwangu.

Kesho yake jioni nilifika nyumbani. Anjela alikipokea kwa mikono miwili, na akaendelea kukitumia hivyo hivyo, mkono mmoja ukikisogeza, mwingine ukibonyeza. Kila alipobonyeza, picha ilimponyoka.

"Babu, kinanikimbia."

"Utazoea."

Alilalamika siku nyingi, nami nikamjibu neno lile lile. Basi la Ifakara lilipita kila asubuhi. Sikulipanda.

Siku ya usaili tulikuta shuleni vipanya vya watoto, saizi ile ile niliyoikataa. Anjela akakishika kimoja kwa mikono miwili. Picha ya kwanza ikamponyoka, ya pili pia, hadi muda ukaisha. Mwalimu alinisogelea. "Babu, picha anazijua zote. Mikono ndiyo imezoea vibaya."

Jumamosi Rozi alikuja na begi tupu. "Baba, hakukwambia kwamba kinamshinda?"

"Aliniambia kila siku," nikajibu. Anjela alikuwa anakunja nguo zake, hakugeuka.

Nimejifunza kwamba kipanya cha mtoto hununuliwa naye akiwepo, kwa mkono alio nao leo. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Kwa kumwacha nyumbani, na kwa kutaka kilicho kikubwa, nilimkosesha nafasi ya shule. Anjela sasa anaishi Kidatu, na mimi naishi peke yangu.