Abiria Wasiolalamika

Dereva wa gari la maiti alikuwa na hasira, na wala hakuificha. Jua la asubuhi lilipiga boneti nyeusi, na pale palipostahili kung'aa palijaa mikwaruzo myembamba ya kuzungukazunguka, kama utando wa buibui. Alimwita bosi wake atoke ofisini aje ajionee mwenyewe.

Bosi alitoka na kikombe cha chai, akatazama, akacheka.

"Sasa wewe unahangaika nini? Abiria wako hawajawahi kulalamika hata siku moja."

Ebo! Hayo ni maneno ya mtu mwenye akili timamu? Wafiwa je, hawana macho? Mtu kampoteza mama yake, kasimama kando ya gari hana pa kutazama ila ule mlango, na anachokiona ni rangi iliyochakaa kwa uzembe. Dereva alinyamaza, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Lakini kubusu hakubusu. Alisonya, tena kwa sauti ya kusikika.

Mchawi mwenyewe hakuwa mbali. Muosha magari wa pale uani, mtu mpole waliyemwita Tambara kwa kuwa kitambaa hakikumtoka begani, alikuwa na tabia ya kulifuta gari likiwa kavu na vumbi lake. Kitambaa kikianguka chini, anakiokota, anakikung'uta pajani, anaendelea. Kila chembe ya mchanga iliyonasa humo ilichora duara lake kwenye rangi. Dereva alikuwa amemweleza mpaka koo likakauka: mwaga maji kwanza, vumbi litoke, ndipo uguse. "Sawa, kaka," Tambara hujibu, na kesho yake ni yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa.

Huenda dereva angezoea, kama si shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo. Siku moja, kwenye maziko ya jirani, alilizunguka gari lile polepole, akapitisha kidole mlangoni, akasema mbele za watu: "Baba, hili ni gari au chandarua? Siku yangu ukinipakia humu likiwa hivi, haki ya Mungu nafumbua macho nikutukane!"

Watu wakacheka msibani. Dereva naye alicheka, lakini maneno yalimkaa, kwa sababu shangazi siku hizo alikuwa anatembea kwa kushika kuta.

Akanunua mashine ya kung'arishia kwa pesa yake mwenyewe. Muuzaji alimwambia hii ni ya wanaoanza: sponji yake inazunguka huku inayumba, kwa hiyo si rahisi iunguze rangi. Bosi alipoiona akauliza kama sasa wanafungua saluni. Dereva alijifunzia kwenye boneti kuukuu aliyoiomba gereji ya jirani. Mara ya kwanza aliiwasha kabla sponji haijagusa bati, dawa ya kung'arishia ikamrukia usoni hadi akafanana na fundi wa chokaa. Mara ya pili aliikandamiza kwa nguvu zake zote, kana kwamba mikwaruzo huondoka kwa kipigo, na mashine ikabaki kutetemeka tu bila kuzunguka. Fundi wa gereji akachora mstari kwa kalamu ubavuni mwa sahani inayobeba sponji.

"Ukiona mstari unazunguka, uko sawa. Ukisimama, punguza mkono. Na hizo hasira zako uziache nyumbani."

Rahisi kusema.

Shangazi alifariki kabla dereva hajaligusa gari lenyewe kwa mashine. Bosi alimpa pole, akamwambia apumzike, dereva mwingine atamchukua marehemu.

"Nani amchukue?" Dereva aliuliza kwa sauti iliyomfanya bosi aweke kikombe chini. "Shangazi yangu nitambeba mimi. Na leo gari hili halitoki hapa."

Halikutoka. Aliliosha kwa maji mengi, akabandika utepe kwenye raba za madirisha, akaanza na mlango. Alipitisha mashine polepole, kwa urefu kisha kwa upana, jicho kwenye ule mstari. Kila alipokumbuka kwamba abiria hawalalamiki, mkono ulizidi uzito na mstari ukasimama. Ikabidi apumue, alegeze, aanze upya. Alipofuta dawa kwenye kipande cha kwanza, aliuona uso wake wote pale mlangoni, na macho yake mekundu. Jioni gari zima lilikuwa limetulia kama maji ya kisimani. Bosi alitoka, akatazama, akarudi ndani.

Asubuhi ya maziko dereva alifika amevaa suti. Upepo ulikuwa umeleta vumbi usiku, na Tambara alikuwa amemtangulia. Alikuwa anamalizia ubavu wa pili kwa kitambaa kikavu, anasugua kuliko siku zote, jasho linamtoka.

"Nimewahi, kaka," alisema. "Nikasema leo usilikute na vumbi. Shangazi ni mama."

Jua lilikuwa linachomoza. Utando ulikuwa umerudi, kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma.

Dereva alifungua mdomo. Matusi aliyoyaweka akiba miaka yote yalikuwa tayari ulimini. Tambara alikuwa anamtazama, kitambaa kakishika kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Sasa umwambie nini mtu kama huyo? Kadamka na giza kukutendea wema, kwa njia pekee anayoijua. Hilo ndilo lililomuudhi dereva kuliko yote: hata wa kumgombeza hakuna!

"Ahsante," alisema.

Waliondoka na jeneza, ndugu wakifuata nyuma kwa magari yao. Kwenye kioo cha juu dereva aliliona limetulia. Akapita tuta la kwanza, akapita la pili, huku anatazama kile kioo kuliko barabara. Kimya.

"Haya, Shangazi," alisema kwa ukali, machozi yanamdondokea kwenye tai. "Si uliapa? Gari limechorwa lote, kila mahali. Fumbua basi. Fumbua unitukane."