Ndoo Niliyoiosha Galbet

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Galbet, mwanangu, niliposugua ndoo ya wenyewe kwa sabuni na mchanga mpaka ikameta, nikajiona msafi kuliko Garissa nzima. Hadi leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nilikuwa mwalimu mpya kutoka Kitui, nimekodi chumba kwa Ayeeyo Barwaqo. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na mtaa wote ulimwita hivyo. Nilikuwa nimekaa kwake miezi saba, na miezi yote saba nilikuwa nasubiri uhamisho. Sikununua hata kisu. Nilikula mkate wa dukani nikiwa nimesimama, sokoni siendi, jirani hata mmoja simjui jina. Kila aliyenisalimu nilimlalamikia joto, utadhani yeye ndiye aliyeliwasha.

Sasa ile ndoo. Ilikaa pembeni jikoni, imefunikwa kitambaa, na ndani mlikuwa na kitu cheupe chenye povu na harufu kali. Nikasema, maskini bibi huyu, amesahau uji mpaka ukaoza. Nikamwaga. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, ningemwuliza nani?

Ayeeyo alipotoka chumbani akaiona ndoo inakauka juani, aliketi chini palepale. Ilikuwa chachu yake, ile aliyoumulia unga wa mkate wa mofa tangu alipoolewa. Mama yake ndiye aliyempa, huko Diff. Na binti yake Habiba alikuwa anafika kesho yake kutoka Modogashe, ana mimba changa, wiki ya tatu hiyo kila anachokula kinarudi. Amekonda, watu wameanza kuogopa. Alikuwa ametuma salamu kwamba labda mofa ya mama itakubali kukaa tumboni. Na chachu ya kuanza upya, mwanangu, huchukua siku nne au tano kuamka.

Heri angenitukana. Alinitazama tu, halafu akasema, "Mwalimu, wewe nakaa hii mji kama mtu nangoja basi. Kila kitu ya watu naona takataka. Shika kikabu, twende."

Matembezi yale yalinitoa jasho na machozi. Nina madaftari ya kusahihisha, naye anatembea kama aliyeumbiwa siku nzima hiyo kwa ajili ya soko. Unga wa mahindi aliuchota kiganjani, akaunusa, akaurudisha, akaenda kwa muuzaji mwingine. Kwa akina mama wa maziwa ya ngamia alionja kwenye kifuniko, akauliza habari za ngamia, za watoto, za mvua, kisha akaonja tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Ayeeyo, unga ni unga!"

Akanirudisha kwa wauza unga, akanisogezea kiganja puani, kwanza cha yule wa mwanzo, kisha cha huyu wa pili. "Nusa."

Nikanusa. Ule wa kwanza ulikuwa na harufu ya gunia. Huu ulinukia kama jikoni kwa mama yangu, siku tuliyotoka kusaga. Nikafungua kikapu utiwe bila ubishi, na kwa mdomo niliokuwa nao enzi hizo, ule ulikuwa muujiza.

Kisha tukaanza kuomba chachu nyumba hadi nyumba. Kila mlango alinisukuma mbele. "Sema umefanya nini." Nami nasema, uso umeniiva kwa aibu. Nyumba ya kwanza siku hizo walinunua mkate wa dukani. Ya pili yao ilikuwa imeharibika. Ya tatu hawakuwapo. Tulirudi na unga mzuri usio na kazi.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa pili kutoka kwetu, mlango niliopita kila siku bila salamu. Mama mmoja aitwaye Sahara alinisikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ayeeyo, kwani hii si yako? Si ulinibatia nikizaa mtoto ya kwanza?" Akatujazia bakuli.

Basi ile ya kuwekwa ndani nilikuwa nimeimwaga, na ile ya kugawa ndiyo iliyobaki.

Asubuhi yake Ayeeyo alibandua mofa za kwanza kwenye tanuri la udongo uani. Habiba alipofika alikula kipande kimoja, tukamkodolea macho wote. Hakikurudi. Akala cha pili. Ayeeyo akajifuta macho kwa shela, akanipa changu, nami kwa mazoea nikaanza kukila nimesimama. "Kaa," akasema. Nikakaa. Barua ya uhamisho ilipofika mwaka uliofuata, niliomba ifutwe.

Sasa wewe, mwanangu, uliyekodi chumba changu, unanichosha! Unga unaletewa na bodaboda, hujui hata umetoka duka gani. Unakula macho yako kwenye simu. Nikikuuliza kwa nini huna hata sufuria, unaniambia upo kwa muda tu. Muda gani? Hizo siku unazozisukuma zipite, nani atakurudishia?

Nenda sokoni kwa miguu yako. Nusa kabla ya kununua, na umwulize mama wa maziwa hali yake. Kanda mwenyewe, hata kama mkate wa kwanza utavunja meno ya mtu. Keti unapokula. Ukipata kizuri, mgawie jirani, maana jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Na ndoo ya mtu, uliza kabla hujaiosha!

Nimekuwekea chachu mlangoni pako kwenye ndoo nyeupe. Ni ileile ya Diff. Mungu akupe unga usiokwisha, mkono mwepesi wa kukanda, na watu wa kula nao. Na siku uzee utakaponichanganya nikaimwaga yangu, akujalie uwe nyumbani nikija kubisha hodi.