Mabati Chini ya Kitanda cha Shangazi

Kosa langu la kwanza katika mambo ya michango lilikuwa kumvuta shangazi yangu kanga ili akae chini. Nilikuwa bado mdogo, naye alikuwa amesimama mbele ya watu wa kijiji chetu cha Zinga, akilitoa paa letu.

Masika yale nyumba yetu ilinuka makuti yaliyolowa na mafuta ya samaki. Matone yalilia ndani ya sufuria tulizozipanga sakafuni, nami niliamka kila mara kuzisogeza, maana sikuweza kulala nikijua tone halidondoki katikati. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, alikaanga samaki na kuwauza Bagamoyo mjini. Kila alipopata faida alinunua bati. Yalikuwa yamefika ishirini chini ya kitanda chake, na kiangazi kikija tungeezeka.

Ndipo kikaitishwa kikao cha zahanati. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na kuta bila paa, na wajawazito walipakiwa kwenye pikipiki hadi mjini huku uchungu umewashika. Yalihitajika mabati arobaini. Mwenyekiti akaanza kwa upole: "Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba. Hata msumari mmoja tutaupokea." Basi watu wakaahidi misumari. Hata Mzee Kondo, mwenye duka kubwa kuliko yote, akaahidi kilo moja ya misumari.

Shangazi akasimama. "Kibaba kimejaa misumari, mwenyekiti. Sasa tupigilie mawingu? Andika mabati ishirini." Nikamvuta kanga, nikamnong'oneza aseme mawili tu, watu wanatutazama. "Waache watazame, baba," akasema. "Ndiyo maana nimesimama." Mzee Kondo akapaza sauti: "Mwanaidi, unatuaibisha!" Naye akamjibu, "Kumbe aibu unayo, Mzee Kondo? Basi ifunike kwa mabati." Watu wakaangua kicheko. Mzee Kondo akacheka pia, akatoa kumi. Akina mama wa vikoba, vikundi vya kuweka akiba, wakatoa matano, wengine wakamalizia matano yaliyobaki, na kabla ya adhuhuri paa lilikuwa limetimia.

Njiani nililia. Nilimuuliza kwa nini hakusubiri wengine waanze. "Pale mnadani sokoni," alisema, "dau la kwanza likiwa dogo, kapu la nguru huondoka kwa bei ya dagaa. Na hata ningekuwa nayo yote arobaini, ningetoa nusu. Yote yangekuwa paa langu. Nusu imelifanya letu." Tulilala masika mengine mawili chini ya makuti, nikisogeza sufuria.

Mabati yale ya zahanati sasa yameshika kutu pembeni, lakini hayavuji. Mimi nachangisha madawati ya shule. Hakuna aliyenifundisha kazi hii, na kabla ya kila kikao naandika hotuba, naifuta, naiandika upya. Jambo moja tu silitilii shaka: sifungui kikao kwa kuomba msumari. Natafuta mapema mtu wa kubeba sehemu nzito, namwomba asimame wa kwanza. Zamani niliogopa kutazamwa. Siku hizi, mtu huyo asipopatikana, nasimama mimi.